Luigi Boccherini: Mtunzi Aliyeipa Selo Ulimi

Karibu kila mtu aliyewahi kupita karibu na muziki wa Ulaya wa karne ya 18 amekwisha kumsikia Luigi Boccherini, hata kama jina hilo ni geni kwake. Iko minueti yake moja, ngoma ya mapigo matatu yenye madaha, ambayo imepigwa harusini, imewekwa katika filamu na kuchapishwa katika vitabu vya wanaojifunza fidla. Katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1955, The Ladykillers, genge la majambazi wanaojidai kuwa wanamuziki huiweka kwenye santuri ili bibi mwenye nyumba aamini kwamba wamo mazoezini. Minueti hiyo ni ya dakika chache tu. Nyuma yake amejificha mtu aliyetunga kwinteti za nyuzi zaidi ya 100, kwateti takriban 90, sinfonia zipatazo 30 na sonata za selo ambazo wapigaji hodari wa leo bado hutoka jasho kuzipiga.

Mhadhara huu unamhusu mtu huyo. Mara nyingi inadhaniwa kwamba mtunzi aliyesahauliwa amejisahaulisha mwenyewe kwa udhaifu wa kazi yake. Habari za Boccherini zinaonyesha vingine. Sababu za kusahauliwa kwake zinaweza kutajwa moja baada ya nyingine, na nyingi kati yake zinahusu mahali alipoishi, mabwana aliowatumikia, wachapishaji aliowauzia na kipimo kilichotumiwa kumhukumu. Muziki wenyewe haujapungua hata chembe.

Kwanza vyombo. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanavijua kwa macho na kwa masikio: fidla zikiwa safu nzima, na pamoja nazo selo na dabalbesi, kama ilivyozoeleka katika vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Selo ndiyo ile inayoshikwa katikati ya magoti, na sauti yake ya kati iko karibu sana na sauti ya mwanamume anayeimba. Katika Ulaya ya utoto wa Boccherini, chombo hiki kilikuwa zaidi mtumishi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushikilia sauti nene za chini, kutembea sambamba na kinanda, na kuwaachia wenye fidla utamu wote wa lahani.

Boccherini alizaliwa Lucca, mji wa Toscana nchini Italia, tarehe 19 Februari 1743, katika nyumba iliyoishi kwa sanaa. Baba yake, Leopoldo, alipiga selo na besi. Dada yake Maria Ester alikuwa mchezaji wa bale. Kaka yake Giovanni Gastone naye alianza kwa kucheza bale, kisha akageukia ushairi, na ndiye aliyeandika maneno ya oratorio ya Joseph Haydn ya mwaka 1775, Il ritorno di Tobia. Luigi alipelekwa Roma mwaka 1753 kusoma kwa Giovanni Battista Costanzi, bingwa wa selo wa zama hizo. Mwaka 1757, akiwa na miaka 14, alikuwa tayari yuko Vienna pamoja na baba yake, wote wawili wakipiga katika okestra ya jumba la tamthilia la kifalme.

Mwaka 1765 alikuwa Milan, na hapo likatokea jambo ambalo wanahistoria wa muziki hulitaja mara kwa mara. Boccherini alikaa na Filippo Manfredi, Pietro Nardini na Giuseppe Cambini, wote wapiga nyuzi kutoka Toscana, wakapiga kwateti pamoja: fidla mbili, viola moja na selo moja. Cambini alisimulia baadaye kwamba walijifungia katika kazi hiyo kwa miezi sita. Kwateti za wakati ule kwa kawaida zilikuwa burudani ya wenye nyumba na wageni wao, zikipigwa na yeyote aliyekuwepo. Wanamuziki wanne mahiri kukaa miezi wakisafisha mpatano wao, upinde kwa upinde, kulikuwa jambo jipya, na ndiyo maana kundi hilo huhesabiwa miongoni mwa kwateti za mwanzo kabisa za wapigaji wa kazi.

Baba yake alifariki mwaka 1766. Mwaka uliofuata Boccherini na Manfredi walishika njia kwenda Paris, mji uliokuwa na wachapishaji wa muziki wengi na hodari. Kwateti zake sita za kwanza zilichapwa huko, zikapata wanunuzi, na Machi 1768 alipiga selo yake katika Concert Spirituel, mfululizo wa konsati ulioheshimika kuliko yote katika mji ule. Madame Brillon de Jouy, mpigaji mashuhuri wa kinanda, alitungiwa sonata sita za kinanda na fidla. Kijana wa miaka 25 alikuwa na kila alichohitaji ili abaki katikati ya ulimwengu wa muziki.

Akaondoka. Yeye na Manfredi walikwenda Hispania, na tangu hapo hadi kufa kwake, yapata miaka 37, Boccherini aliishi katika nchi hiyo.

Bwana wake wa kwanza wa kudumu huko alikuwa Mwanamfalme Don Luis, mdogo wake Mfalme Carlos wa Tatu, aliyemwajiri mwaka 1770 awe mpiga selo na mtunzi wake. Katika nyumba ya Don Luis tayari kulikuwa na kwateti kamili, ya familia ya Font, baba na wanawe. Kwateti ina selo moja, na selo hiyo ilikuwa na mwenyewe. Boccherini aliingia kama mtu wa tano, na chombo chake kikawa selo ya pili.

Kutokana na mpangilio huo wa kiajira kulizaliwa aina ya muziki. Wako waliotunga kwinteti kabla yake, lakini hakuna aliyewahi kukaa na fidla mbili, viola moja na selo mbili kwa miaka mingi kiasi hicho, akizisikia kila wiki na kuziandikia papo kwa papo. Ile selo moja ilipobaki chini kushikilia msingi, selo ya Boccherini ilikuwa huru. Iliweza kupanda juu ya viola, ikapita hata fidla ya pili, ikaimba lahani kuu huku fidla zikiwa chini yake zikiitikia. Katika kurasa nyingi msikilizaji asiyeona wapigaji hudhani anasikia fidla, kumbe ni selo.

Kupanda huko kunahitaji ufundi maalumu. Kwa kawaida kidole gumba cha mkono wa kushoto hukaa nyuma ya shingo ya selo. Mpigaji anapotaka sauti za juu sana, hukitoa nyuma na kukilaza juu ya nyuzi zenyewe, kikawa kama kigingi kinachotembea, na vidole vingine vikafanya kazi mbele yake. Ufundi huo ulikuwepo kabla ya Boccherini. Yeye aliufanya kuwa lugha ya kawaida. Inasimuliwa kwamba aliweza kuchukua karatasi ya mpiga fidla na kuipiga kwenye selo katika sauti ileile iliyoandikwa, bila kuishusha. Sonata zake zinaufanya usimulizi huo uaminike.

Sasa ile minueti maarufu. Imo katika kwinteti ya Opus 11 nambari 5, ya mwaka 1771, na ni sehemu ya tatu tu ya utungo wenye sehemu nne. Wengi hawajawahi kuisikia mahali pake. Fidla ya kwanza imewekewa kile kibanio kidogo kinachofunika sauti, hivyo lahani inatoka kama imevikwa shela. Fidla ya pili inapita juu ya nyuzi kwa mwendo usiokatika, noti ndogondogo zikizunguka. Waliobaki wanagusa nyuzi kwa vidole badala ya upinde. Lahani ni nyepesi mno. Utamu wote umo katika namna sauti tano zilivyogawanywa. Mtu akiisikiliza hivyo, akifuata fidla ya pili badala ya ile ya kwanza, atagundua kwamba kibao alichokidhania kuwa kitamu tu kimefumwa kwa akili nyingi.

Hapo ndipo penye kiini cha sanaa ya Boccherini. Haydn, aliyekuwa mkubwa wake kwa miaka 11, alijenga kwateti zake kama mjadala: wazo fupi linatolewa, linapingwa, linageuzwa, linarudi limebadilika. Mozart na Beethoven wakaifuata njia hiyo na kuipanua, na baadaye vitabu vya karne ya 19 vikaifanya kuwa kipimo cha kila mtunzi. Boccherini alivutiwa zaidi na sauti yenyewe, na jinsi inavyobadilika rangi inapohama kutoka fidla kwenda viola, kutoka upinde kwenda kidole, kutoka nguvu kwenda unong'ono. Hurudia kifungu kileile, na katika marudio hayo huhamisha uzito, msikilizaji akaanza kusikia sauti iliyokuwa chini. Katika karatasi zake ameandika maelekezo ya upole kwa wingi, na neno la Kiitalia soave, lenye maana ya laini na tamu, linajirudia. Anayemsikiliza huku akingoja mjadala wa Haydn ataona kama hakuna kinachotokea.

Mpiga fidla Giuseppe Puppo anasemekana kumwita mke wa Haydn. Kauli hiyo ilidumu kuliko uchunguzi wowote, kwa kuwa ilikuwa fupi na rahisi kukumbuka. Iliwatosheleza watu wasiotaka kufungua karatasi zake. Haydn mwenyewe hakumdharau: mwaka 1781 hao wawili walipelekeana salamu za heshima kupitia kwa mchapishaji Artaria wa Vienna.

Na upole haukuwa hali yake pekee. Mwaka huohuo wa 1771 wa ile minueti, Boccherini alitunga sinfonia iitwayo La casa del diavolo, Nyumba ya Shetani. Sehemu yake ya mwisho imejengwa juu ya muziki wa jehanamu kutoka bale ya Don Juan ya Gluck, iliyochezwa Vienna mwaka 1761, wakati vijana wa familia ya Boccherini walipokuwa wakifanya kazi katika mji huo. Nyuzi zinaporomoka kwa kasi, zinatetemeka, zinapanda na kuanguka tena. Aliyezoea ile minueti akipigiwa muziki huu bila kuambiwa jina hatadhani ni mkono mmoja.

Mwaka 1776 Don Luis alimwoa María Teresa de Vallabriga, mwanamke asiyekuwa wa damu ya kifalme, akalazimika kukaa mbali na ikulu. Nyumba yake ikahamia Arenas de San Pedro, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Ávila, na Boccherini akahamia nao. Mchoraji Goya alikaribishwa huko na kuichora familia hiyo. Kwa Boccherini, miaka hiyo ilikuwa ya utulivu na ya kazi nyingi. Ilikuwa pia miaka ya kutoonekana. Haydn alikuwa mashambani Hungaria, lakini Vienna ilikuwa jirani. Mtu wa Arenas hakuwa na Vienna yake, hata Madrid ilikuwa mbali.

Huko ndiko alikotunga, mwaka 1780, kwinteti ya ajabu kuliko zote, Opus 30 nambari 6, yenye jina la Muziki wa Usiku wa Mitaa ya Madrid. Vyombo vitano vinaigiza mji mzima baada ya jua kuzama. Kengele za kanisa zinaita watu kwenye sala. Ngoma ya askari inapigwa kambini. Kisha inakuja minueti ya ombaomba vipofu: hapo mtunzi anawaagiza wapiga selo wazilaze selo zao magotini na kuzikwaruza kwa kucha, kama magitaa. Inafuata rozari, inayoimbwa bila mapigo makali. Baada yake wanatokea waimbaji wa mitaani wakijifurahisha, na mwisho ni doria ya usiku inayopita kuwaamrisha watu warudi majumbani. Doria inasikika kwa mbali, inasogea, inapita chini ya dirisha kwa kishindo, kisha inayoyoma.

Boccherini alimweleza mchapishaji wake kwamba utungo huo haungefaa kitu nje ya Hispania, na hata ungechekesha, kwa kuwa wasikilizaji wasingeuelewa na wapigaji wasingejua kuupiga inavyostahili. Kwa hiyo haukuchapwa alipokuwa hai. Aliyekuwa mgeni kutoka Lucca alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji, na alijua kwamba alichokisikia mtaani kilikuwa na mahali pake. Mwaka 1788 akarudia tena jambo kama hilo: kwinteti inayoiga fandango kama alivyoipiga kwenye gitaa Padre Basilio, mtawa mpiga gitaa wa Madrid. Miaka 10 baadaye aliigeuza fandango hiyo kuwa kwinteti ya gitaa na nyuzi kwa ajili ya Markizi wa Benavent, naye mpenzi wa gitaa.

Mwaka 1785 ulimpiga mara mbili. Mke wake, Clementina, alifariki, na miezi michache baadaye Don Luis naye akafariki. Mwaka uliofuata Friedrich Wilhelm wa Prussia, ambaye mwaka huohuo alirithi kiti cha ufalme, alimteua kuwa mtunzi wake. Mfalme huyu alipiga selo. Kwa ajili yake Mozart alianza kutunga kwateti zinazoitwa za Kiprussia, ambamo selo imepewa nafasi isiyo ya kawaida, na mwaka 1796 Beethoven alifika ikuluni Berlin na sonata zake mbili za kwanza za selo. Kazi hizo za Mozart na Beethoven zinapigwa hadi leo. Boccherini alimtumikia mfalme huyo zaidi ya miaka 10, akimtumia tungo kutoka Hispania, na ndiye aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba selo inaweza kuongoza. Kwinteti na kwateti alizomtungia husikika kwa nadra.

Sehemu ya sababu ni utaratibu wa kazi yenyewe. Muziki uliotungwa kwa bwana mmoja ulikuwa kwanza mali ya bwana huyo, na nyingi kati ya karatasi hizo zilikaa katika hazina yake. Friedrich Wilhelm alipofariki mwaka 1797, malipo yalikatika. Boccherini aliuza bunda kubwa la kazi zake kwa Ignaz Pleyel, mchapishaji wa Paris aliyekuwa pia mtunzi, na barua zake kwa Pleyel zinaonyesha mtu anayengoja malipo na majibu kwa hamu. Lucien Bonaparte, ndugu wa Napoléon, alipokuwa balozi wa Ufaransa jijini Madrid, alimsaidia kwa muda. Katika miaka yake ya mwisho alifiwa na mabinti na mke wake wa pili. Alifariki Madrid tarehe 28 Mei 1805.

Hakusahauliwa siku hiyohiyo. Pierre Baillot, mpiga fidla wa Paris, alipoanzisha konsati zake za vyumbani mwaka 1814, Boccherini alikuwa miongoni mwa watunzi aliowapiga zaidi. Mwaka 1828 Franz Schubert alitunga kwinteti yake kuu kwa fidla mbili, viola na selo mbili, mpangilio uleule wa nyumba ya Don Luis. Leo wapigaji wengi hukutana kwa ajili ya Schubert huyo, wanaupiga utungo wake mmoja, kisha mpiga selo wa pili anafunga chombo chake na kwenda zake. Zaidi ya tungo 100 zilizomwandalia kiti zimebaki kabatini. Na hapa kuna sababu nyingine ya wazi ya kusahauliwa: kwateti nyingi za kazi zina watu wanne wa kudumu, na muziki unaohitaji mtu wa tano hugeuka kuwa jambo la mwaliko.

Pigo la mwisho lilitoka kwa mtu aliyempenda. Mwaka 1895 Friedrich Grützmacher, mpiga selo wa Dresden, alichapisha koncheto ya selo ya Boccherini katika ufunguo wa B-flati. Aliipunguza hapa, akaijaza pale, akaongeza vyombo, na sehemu ya katikati akaiondoa kabisa na kuweka ya koncheto nyingine. Toleo hilo likapendwa, likapigwa na mabingwa wa karne ya 20, akiwemo Jacqueline du Pré. Ni muziki wa kuvutia, lakini kwa miongo mingi waliodhani wanamsikia Boccherini walikuwa wanamsikia kupitia masikio ya mtu wa miaka 100 baadaye, aliyeona nyuzi zake chache hazitoshi.

Kazi ya kumrudisha ilianza kwa bidii katikati ya karne ya 20. Mpiga fidla Pina Carmirelli na mumewe, mpiga selo Arturo Bonucci, walipata Paris matoleo ya zamani ya kwinteti hizo, wakaunda Quintetto Boccherini na kuanza kuzirekodi. Mwaka 1969 Yves Gérard alitoa orodha kamili ya kazi za mtunzi huyu, na ndiyo asili ya herufi G inayoonekana kando ya majina ya tungo zake. Anner Bylsma, Mholanzi, alizipiga sonata kwa selo ya mtindo wa kale. Jordi Savall na kundi lake, Le Concert des Nations, waliupa Muziki wa Usiku wa Mitaa ya Madrid nguvu ya mtaa wenyewe.

Msikilizaji anayetaka kuanza ana njia nzuri. Aanze na Opus 11 nambari 5 yote, sehemu nne, ili minueti irudi nyumbani kwake. Aende kwenye usiku wa Madrid. Kisha asikilize Stabat Mater ya 1781, iliyotungwa Arenas kwa sauti moja ya mwanamke na vyombo vitano vya nyuzi, ambamo huzuni ya Bikira Maria inabebwa na selo kama inavyobebwa na mwimbaji. Baada ya hapo afungue Nyumba ya Shetani. Mwisho aziweke pamoja koncheto ya Grützmacher na ile ya Boccherini mwenyewe, G 482, aone ni ipi inayoipa selo nafasi ya kupumua.

Wapigaji nao wana nafasi yao. Muda wa hakimiliki umekwisha zamani, na karatasi nyingi za tungo hizi zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Kwinteti hazihitaji ukumbi mkubwa wala okestra. Ziliandikwa kwa watu watano waliokaa chumba kimoja. Shule au kikundi chenye wapiga selo wawili wanaopokezana kiti kimoja kinaweza kuanza mazoezi ya Opus 11 wiki hii, na wote wawili wakapata la kusema.